Hesabu Anajua, Maneno Ndiyo Hajui

Kwa nyinyi mnaotusikiliza kila wiki na hamjawahi kujiuliza nafanya nini siku ambazo sipo mbele ya maiki: nafanya kazi kwenye shule moja ya sekondari kaskazini mwa London. Cheo changu ni mwalimu msaidizi, kitengo cha EAL. Hizo ni herufi tatu anazopewa kila mtoto ambaye nyumbani kwao kunasikika lugha nyingine isiyo Kiingereza. Usishangae, inawezekana na wewe ulikuwa nazo kwenye faili lako na hukuambiwa. Mimi nimezaliwa Edmonton, Kiingereza nimekinywa pamoja na maziwa ya chupa, lakini kwa vile mama aliandika Kiswahili kwenye fomu ya shule, nilibaki kuwa mtoto wa EAL mpaka namaliza Year 11.

Tatizo lenyewe linaanzia hapo. Herufi zile zile nilizokuwa nazo mimi, anazo pia binti aliyeshuka Heathrow juzi na bado hajui kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwenye kompyuta ya shule tunafanana kabisa. Kuna wakati serikali ilijaribu kututenganisha: mwaka 2016 shule za England ziliagizwa zimpime kila mtoto wa EAL na kumwekea ngazi, A kwa mgeni kabisa hadi E kwa anayekimudu Kiingereza bila msaada. Mwaka 2018 agizo likafutwa. Wales bado wanazitumia ngazi tano kama hizo. Huku kwetu kila shule inajijua yenyewe.

Binti ninayetaka kuwasimulia ametoka Uvira. Jina lake nalihifadhi, ila yeye na mama yake wamenikubalia nisimulie. Alifika kwetu Septemba, ana miaka 14, akaingia Year 10, yaani amebakiza miaka miwili kasoro kabla ya GCSE. Alikuwa amesoma kwa Kifaransa, nyumbani wanaongea Kiswahili cha kwao, Kiingereza alikuwa anajua "good morning" na majina ya wachezaji wa Arsenal.

Siku ya kwanza aliniita "yaya". Nikanyamaza. Kwetu Tanga yaya ni mlezi wa watoto, yule dada wa kazi anayebeba mtoto mgongoni, na mimi nimevaa kitambulisho cha shule shingoni! Baadaye nikaja kuelewa kwamba kwao yaya ni ndugu mkubwa, yaani amenipa heshima. Mama yake naye nilipompigia simu mara ya kwanza nikaanza na "Shikamoo mama", upande wa pili kimya, halafu: "Jambo, mama." Mama yangu mzazi amenilea nikiamini "jambo" ni ya watalii Zanzibar. Kumbe kuna mamilioni ya watu wanaoamkiana hivyo kila asubuhi na hawajawahi kumwona mtalii.

Nayasema haya kwa sababu wengi wenu mnaniandikia: "Kiswahili changu ni cha kuunga-unga, siwezi kumsaidia mtu." Changu mimi na cha binti huyu vilikuwa vinapishana kila sentensi ya tatu. Yeye anasema "batoto", mimi "watoto". Yeye anaenda "ku masomo", mimi naenda shule. Tulielewana. Palipogoma tulichora.

Wiki ya pili alipelekwa kupimwa masikio.

Ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja alimpa tableti aandike shida yake kwa Kiswahili, mashine itafsiri. Akaandika kwamba hawasikii walimu. Wewe na mimi tunajua: kusikia lugha ni kuielewa, hata bibi yangu husema fulani "anasikia Kiarabu". Mashine ikatoa kwamba hawezi kuwasikia walimu, na mwalimu, kwa moyo mzuri kabisa, akajaza fomu ya kumwita muuguzi. Masikio yalikutwa mazima. Tulicheka sana, ila kidogo kile kicheko kilinikwama. Mtu amesema jambo la msingi kuliko yote, kwa lugha yake, kwa usahihi, na jibu lililomrudia ni la shida nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana huko ndiko kwenye hatari yenyewe.

Siku yake ya pili shuleni alipewa karatasi ya hesabu ya dakika 50, ile ya kumpangia mtoto seti. Alama zikawa chini, akawekwa seti ya mwisho. Hakuna aliyemwonea, mfumo ndivyo unavyokwenda: alama chini, seti chini. Lakini seti ya mwisho maana yake ni mtihani wa Foundation, na kwenye GCSE ya hesabu Foundation inaishia daraja la 5. Hata ukipata kila swali, hupati 6. Na vyuo vingi vya A-level hapa London vinataka 6 au 7 ndipo wakuruhusu kuendelea na hesabu. Kwa hiyo binti wa miaka 14 anayesema anataka kuwa mhandisi wa maji (Uvira ni mji wa ziwani, lakini maji ya bomba ni kitendawili, amenieleza mara nyingi) anafungiwa mlango siku ya pili, kwa karatasi ambayo hakuweza kuisoma.

Niliiomba ile karatasi. Nikaipitia jioni mezani kwangu. Maswali ya namba tupu yalikuwa 12, amepata 11. Milinganyo, sehemu, vipeo, safi kabisa. Maswali yenye hadithi, yale ya "Fulani ana duka, ananunua hiki, anauza kile", yalikuwa 10, amepata 2. Huhitaji shahada ya takwimu kuliona hilo.

Na kulikuwa na mengine madogo. Nukta ya desimali kwao ni mkato, wanaandika 3,5 pale sisi tunapoandika 3.5, na msahihishaji alikuwa ameweka alama ya kuuliza pembeni. Ile hesabu ndefu ya kugawanya aliipanga kama wanavyopanga shule za Kifaransa: kigawanyo kulia nyuma ya mstari, jibu chini yake. Kwa macho ya mwalimu wa hapa ile ilikuwa michoro. Jibu lilikuwa sahihi, hatua zimekatwa kwa kalamu nyekundu.

Siku iliyofuata nikamuuliza mwenyewe kwenye korido, nikamwonyesha karatasi. Akaitazama, akasema: "Hesabu niko najua. Maneno njo sijui."

Na maneno yanayomwangusha mtu siyo yale unayodhani. Watu wakisikia "kumsaidia mgeni na Kiingereza cha darasani" wanafikiria maneno marefu ya sayansi. Kwake hayo ndiyo mepesi, "photosynthesis" kwa Kifaransa ni karibu neno lile lile. Mimi nilimletea "usanisinuru" kwa mbwembwe, akanitazama kama nimetukana. Wanaomnyonga ni yale mafupi: "unless", "whereas", "each", "at least". Na yale yenye sura mbili. Swali linasema tafuta "product" ya namba mbili "odd". Akafungua kamusi, akaja na tafsiri yake: tafuta bidhaa ya namba mbili za ajabu. "Mean" ya namba tano ikawa mchoyo wa namba tano. Siyo kwamba hajui wastani ni nini, au namba witiri ni ipi. Anajua, ila maneno yamevaa nguo za mtaani na hakuna aliyemwambia kwamba darasani yana kazi nyingine.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara na ile karatasi, nimeipaka rangi ya kijani kwenye maswali ya namba na ya njano kwenye ya hadithi. Ni mtu mzuri, ana watoto 200 kichwani, na alinijibu kitu cha haki: mtihani wa GCSE hautakuja kwa Kiswahili. Kweli. Lakini mtihani uko mbali, miezi 20 kutoka siku ile. Swali la siku ile halikuwa kama anaweza kusoma Kiingereza, hilo tulikuwa na jibu lake. Swali lilikuwa afundishwe hesabu ipi katika hiyo miezi 20. Ukimweka Foundation ukisubiri lugha ikue, lugha itakua, na siku itakapokuwa imekua hatakuwa amefundishwa nusu ya vitu vya Higher. Hapo hata awe na Kiingereza cha mfalme, kitamsaidia nini?

Tulikubaliana apewe karatasi nyingine, mimi nimsomee maswali kwa Kiswahili, majibu aandike mwenyewe. Alipanda seti mbili kwa majaribio mpaka likizo ya katikati ya muhula. Hajashuka tena.

Hapa naomba nitoke London kidogo, niende Tanga kwa binamu zangu, maana tunapenda kuliongelea jambo hili kama ni la wahamiaji tu. Tanzania mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, halafu akiingia Kidato cha Kwanza vitabu na mitihani vinageuka Kiingereza. Darasa zima ni EAL, ila hakuna anayeliita hivyo. Mwaka 1982 tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee mpaka sekondari, serikali haikukubali. Kuanzia 2002 watafiti wa mradi wa LOITASA waliwafundisha wanafunzi masomo yale yale, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kiingereza, na waliofundishwa kwa Kiswahili walifanya vizuri zaidi. Sera haikufuata. Lakini ukikaa nyuma ya darasa la binamu yangu, mwalimu anafanya nini? Anasoma sentensi kwa Kiingereza, anaifafanua kwa Kiswahili, wanafunzi wanabishana kwa Kiswahili, wanaandika kwa Kiingereza. Kwenye karatasi ni kinyume cha utaratibu. Ndiyo njia pekee ya somo kuingia.

Nilipoenda kwenye mafunzo hapa London, mwezeshaji akatuonyesha kwa slaidi nzuri mbinu ile ile, ina jina kubwa, "translanguaging". Neno lenyewe limetoka Wales, Cen Williams aliliunda kwa Kiwelisi miaka ya 1990, akiangalia madarasa ambamo watoto wanasoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Nikamkumbuka yule mwalimu wa Tanga, ambaye mkaguzi akiingia lazima arukie Kiingereza haraka.

Basi kila Jumatatu asubuhi kabla ya kengele tunakaa na binti robo saa tu. Naomba slaidi za wiki kutoka kwa walimu (wengine hutuma, wengine nawafuata mpaka chumba cha chai). Tunachagua maneno matano sita, yale mafupi yenye hila. Tunaongea mada yenyewe kwa Kiswahili: shinikizo ni nini, umeliona wapi, ukizama ziwani masikio yanafanyaje? Akiingia darasani tayari ana wazo, anatafuta vazi lake tu. Wenye binamu wageni nyumbani, hii ndiyo kazi ya kwanza ningewaambia mfanye, na haihitaji Kiswahili cha BBC. Inahitaji mtu wa kuuliza "kwa nini?" kwa lugha ambayo mwenzake anaweza kujibu.

Kuna moja tuligundua pamoja, ntaiweka hapa maana hamtaipata kwenye kitabu cha mwalimu. Kwenye mitihani ya sayansi "describe" na "explain" ni maswali mawili tofauti. La kwanza linataka useme kinachotokea, la pili linataka sababu. Ukitaja kinachotokea pale walipotaka sababu, sifuri. Sasa fungua Kiswahili: yote mawili ni "eleza"! Alikuwa anajibu kila kitu kwa "eleza" moja, anapata nusu alama, hajui nusu nyingine imekwenda wapi. Tukatengeneza yetu. "Describe" tukaiita "sema unachoona". "Explain" tukaiita "sema kwa nini", na lazima jibu liwe na "because" ndani yake, usipoiona rudi. Alama zake za sayansi zilianza kusogea wiki ile ile.

Kitu kingine ni "he" na "she". Walimu wa Kiingereza humwekea duara jekundu kila mara, na wapo wanaodhani anabahatisha. Jamani, Kiswahili kina "yeye" tu. Baba yangu ana miaka zaidi ya 30 London na bado anamwita daktari wake wa kike "he". Kosa hilo linakwisha taratibu, wala haliharibu hoja. Mimi huwaomba walimu walisahihishe mara moja kwa ukurasa, waache wino mwingine kwa ajili ya mawazo.

Kuhusu muda. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba lugha ya kupiga soga mtoto huipata kwa kama miaka miwili, lakini lugha ya kitabu na mtihani huchukua kama mitano hadi saba. Binti wetu anayo miwili kasoro. Na hela za nyongeza ambazo shule huhesabiwa kwa ajili ya mtoto wa EAL ni za miaka mitatu ya mwanzo tu tangu aingie shule hapa nchini. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana wale wanaosema "mwache kwanza ajifunze Kiingereza, masomo yatafuata" siwaelewi. Siku hizi nikimkuta mtoto wa Year 10 kwenye kile chumba kidogo cha pembeni anapaka rangi picha ya tofaa wakati wenzake wako kwenye hesabu, naenda kuuliza. Wiki mbili tatu za mwanzo, sawa, mtu ajue kuomba maji. Zaidi ya hapo anakoseshwa somo.

Kikao cha wazazi nacho kina vituko vyake. Wengi wetu tumewahi kuwa wakalimani wa ripoti zetu wenyewe, binamu yangu mpaka leo anajulikana ukoo mzima kwa kutafsiri "hatulii darasani" kuwa "ametulia sana". Kwa hiyo kwa mama wa Uvira nilikataa binti asitafsiri, nikakaa mimi. Na nilipompigia kumpa saa nilisema zote mbili, saa kumi na moja jioni, ile tano ya Wazungu. Alikuja mapema kuliko wote. Aliuliza swali moja tu: mtoto wake amewekwa na watu wa akili gani? Nilipomwambia kuhusu seti mpya alivuta pumzi, akatazama dari, hakusema kitu.

Yapo na mambo ya kanuni ambayo familia nyingi haziambiwi. Mtoto akiwa anatumia kamusi ya lugha mbili darasani kama kawaida yake, anaweza kuruhusiwa kuingia nayo kwenye mitihani mingi ya GCSE, isipokuwa ile ya Kiingereza na ya lugha inayohusika. Iwe ya kutafsiri neno kwa neno, isiwe na maelezo, isiwe na maandishi yako pembeni. Na aliyefika bila Kiingereza kabisa, akiwa hajamaliza miaka mitatu hapa siku ya mtihani, anaweza kupata muda wa ziada hadi asilimia 10 wa kutumia hiyo kamusi. Lakini shule lazima iwe imeandaa hilo mapema. Ukienda kuuliza Aprili umechelewa. Yeye tumeshamwekea ya Kifaransa, maana hesabu na sayansi amezisoma kwa Kifaransa, na GCSE ya Kifaransa ataifanya pia. Ya Kiswahili hakuna. Cambridge wana IGCSE ya Kiswahili, ila shuleni kwetu hakuna aliyewahi kuiandaa, nimeshaanza kuuliza gharama.

Halafu, nikiwa napekua orodha ya lugha ambayo serikali hutumia kwenye sensa ya shule, nikakuta Kiswahili hakiko peke yake. Kina matawi yake na misimbo yake: cha Kingwana, cha Kibajuni, cha Barawa, cha Komoro. Ofisini kila mtu amewekewa msimbo mmoja wa jumla. Nina wanafunzi wawili ambao wazazi wao ni watu wa Barawa, nyumbani wanaongea Chimiini, kwenye faili wameandikwa Kisomali, na barua za Kisomali zinazotumwa kwao hakuna anayezisoma vizuri. Nimebadilisha. Binti naye nimembadilisha kuwa Kingwana, akaniuliza hilo ni neno gani, kwao wanasema Kiswahili tu.

Sayansi bado yuko Foundation. Mwalimu anasema majibu marefu hayajatosha, mimi nasema alama za "sema kwa nini" zimepanda karatasi tatu mfululizo. Kikao ni Jumanne baada ya likizo fupi. Nakala za karatasi nimeshatoa, rangi ya kijani nimenunua mpya.